Bei ya chumba haipunguzi foleni

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, na ujumbe ulioingia juzi usiku ulikuwa mfupi. "Dada, pesa isikupe shida. Nitafutie hoteli ya ghali kuliko zote Santorini, mwezi wa nane, sitaki kabisa kubanana na watalii." Santorini ni kisiwa cha Ugiriki, na ujumbe huu ni wa nne mwaka huu wa namna hiyo, kinachobadilika ni jina la mahali tu. Nimemjibu kwa heshima zote, maana anachotafuta ni haki yake. Lakini imani iliyomo ndani ya ujumbe ule imenichosha, kwa sababu naiona ikiwamaliza watu pesa na likizo kwa pamoja: kwamba ukilipa zaidi, watu wanapungua.

Hawapungui. Ukilipa zaidi unapata kitanda bora, bafu bora na mpishi anayekumbuka kwamba huli karanga. Sivibezi vitu hivyo, ndivyo vinavyoniweka mjini. Ila vyote vinaishia mlangoni. Ukivuka kizingiti uko kwenye njia ya umma, unangoja boti ile ile na unasimama mbele ya lango lile lile kama mtu aliyelala hosteli.

Santorini yenyewe ndiyo iliyonifundisha, na kwa aibu. Miaka ya nyuma nilimpeleka mteja Oia, kijiji kilichoning'inia juu ya kaldera, lile shimo kubwa lililoachwa na volkano. Vyumba vya pale vimechimbwa kwenye mwamba kwa ngazi, kimoja chini ya kingine, na vichochoro vya miguu vinapita katikati na juu yake. Nilikagua kila kitu: upana wa bwawa lake dogo, upande linakotazama jua, hata aina ya godoro. Siku ya kwanza, kama saa moja kabla ya jua kuzama, akanitumia picha. Meza ndogo, glasi mbili, bwawa limetulia. Na juu ya ukuta mweupe, kama mita tatu kutoka kichwani kwake, safu ya viatu na magoti ya watu, simu zote zimeinuliwa kuelekea magharibi. Chini ya picha ameandika: "Wananiona nikila." Nilikagua chumba nikasahau kuuliza kichochoro kinapita wapi.

Tangu siku hiyo siangalii hoteli kwanza. Naanza na milango ya mahali penyewe: bandari, uwanja wa ndege, stesheni, maegesho ya mabasi. Umati hauchipui kama uyoga, unaletwa na chombo, na chombo kina ratiba. Bandari nyingi zinazopokea meli za kitalii hutangaza mapema meli ipi inafika lini, na uwezo wa kila meli unajulikana. Nachukua wiki ya mteja, naandika meli za kila siku, najumlisha abiria. Santorini wameweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, kwenye kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000. Soma tena namba hizo mbili. Siku yenye meli moja na siku iliyojaa hadi kikomo ni visiwa viwili tofauti, na chumba chako kina bei ile ile siku zote mbili.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Watu wanachanganya bei na kikomo. Wanaona mahali pa ghali pametulia, wanadhani bei ndiyo imetuliza. Mara nyingi kilichotuliza ni sheria ya idadi. Bei ni matokeo yake, au imewekwa pembeni kwa sababu nyingine kabisa.

Chukua sokwe wa milimani wa Rwanda. Kibali cha kuwatembelea kilikuwa dola 750, mwaka 2017 kikapanda ghafla hadi 1,500. Kundi moja la sokwe kabla ya hapo lilitembelewa na watu 8 kwa siku, kwa saa moja. Baada ya bei kuwa maradufu, ni watu 8, kwa saa moja. Utulivu unaouona mbele ya sokwe yule haukununuliwa na zile dola 750 za nyongeza. Ulikuwepo, umelindwa na namba 8.

Au Antaktika, ambako kosa hili linagharimu kuliko kwingine. Waendeshaji wa safari kule, kupitia chama chao cha IAATO, wanafuata kanuni mbili: wasizidi watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja kwenye eneo moja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Sasa piga hesabu. Meli ya kifahari yenye abiria 400 na mikahawa mitano inabidi iwashushe kwa zamu nne. Wewe uko juu, umevaa koti na mabuti, unangoja zamu yako huku ukiwatazama pengwini kwa darubini. Meli ya kawaida, yenye vyumba vidogo na abiria 95, inashusha wote kwa mara moja na wanakaa nchi kavu karibu muda wote. Nimeshabishana na mteja kwa simu karibu saa nzima juu ya hili. Alikuwa ameshikilia kwamba meli yenye spa haiwezi kumpa kidogo kuliko isiyo na spa. Inaweza, na kule Antaktika ndivyo inavyokuwa.

Ndani ya hifadhi ya Masai Mara kisa ni hicho hicho. Mtu aliyelala kwenye hema lenye beseni la shaba na mtu aliyekuja na basi dogo la kukodi wanalipa kiingilio kwenye geti lile lile, na nyumbu wakianza kuvuka mto, magari yote yanajipanga kwenye ukingo mmoja. Ukitaka nafasi, nenda kwenye hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, kama Naboisho au Olare Motorogi. Kule idadi ya vitanda imewekewa kikomo kulingana na ukubwa wa ardhi, na wanaoruhusiwa kuzunguka na magari ni wageni wa kambi za humo. Unaweza pia kutembea kwa miguu na kutoka usiku, mambo yaliyokatazwa ndani ya hifadhi kuu. Lakini mteja lazima aambiwe ukweli wote: mivuko mikubwa ya nyumbu iko kwenye mto, na sehemu kubwa ya mto iko kule kwenye magari. Kuvuka kwa nyumbu na upweke havipatikani saa moja mahali pamoja. Wakala anayekuahidi vyote viwili anakutia chumvi.

Kuna pia neno "faragha". Limechakaa. Visiwa vya Maldives vinauzwa kwa neno hilo, na kweli mpangilio wa kule ni mzuri, kisiwa kimoja hoteli moja. Ila kisiwa kimoja kinaweza kuwa na vila 30 na kingine zaidi ya 100, na vyote vinaitwa vya faragha. Uliza idadi ya vila, kisha uliza ukubwa wa kisiwa, ugawanye mwenyewe. Halafu kuna zile vila zilizosimama juu ya maji, ambazo kila mtu anazitaka na kwa kawaida zinapita bei za vila za ufukweni. Zimepangwa pande mbili za gati refu la mbao. Kila anayekaa mbele zaidi anapita mlangoni kwako, kigari cha mizigo kinagonga mbao saa kumi na moja alfajiri, na jirani anayeogelea akitazama samaki anaibuka mbele ya ngazi zako. Vila ya ufukweni iliyozungukwa na miti minene ina faragha kuliko hiyo, mara nyingi kwa pesa pungufu. Kama unapenda maji chini ya kitanda, yachukue kwa furaha, ni mazuri kweli. Usiyachukue kwa sababu unataka kuwa peke yako.

Saa ni bora kuliko pesa. Venice walipoanza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku maalumu, tozo ilihusu wanaoingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Anayelala mjini halipi. Kwangu ile ni zawadi, jiji lenyewe limeniandikia saa za msongamano! Lala ndani ya Venice, siyo ng'ambo Mestre, toka saa 12 asubuhi, na uwanja wa San Marco utaukuta na njiwa na wafagiaji. Rudi ulale mchana. Toka tena watu wa kutwa wakishaondoka.

Bhutan nako, watu huniambia hakuna umati kwa kuwa mgeni mtu mzima kutoka nchi nyingi anatozwa dola 100 kwa usiku (zilikuwa 200 mwaka 2022, wakazipunguza 2023). Nchi nzima ndiyo, imetulia. Lakini ndege za kimataifa zinatua Paro, monasteri ya Taktsang iko juu ya Paro, na kila ratiba imeiweka kama kilele cha safari. Njia ya kupanda ni moja. Usipoanza kupanda kunapopambazuka utapanda nyuma ya mkoba wa mtu.

Kalenda nitaipitia haraka, maana hii ni kazi ya kusoma tu. Usiangalie likizo za kwenu peke yake, angalia za wale wanaojaza unakokwenda. Wachina wana wiki ya kuanzia Oktoba 1. Wajapani wana wiki ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Italia husimama Agosti 15. Pasaka ya Waorthodoksi mara nyingi haiangukii siku moja na ile ya Wakatoliki, kwa hiyo Ugiriki inaweza kujaa wiki ambayo wewe umeihesabu ya kawaida. Sikukuu za Idi husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Fungua, andika, kwepa.

Na ukubali kwamba mahali palipotulia mara nyingi pametulia kwa kuwa kufika ni taabu. Ndege ndogo za porini Afrika Mashariki hubeba kilo 15 za mzigo kwa mtu, kwenye begi laini. Ndege za majini za Maldives hazirushwi usiku, kwa hiyo kama kisiwa chako kinafikiwa kwa ndege hizo, ukitua Malé baada ya jua kuzama utalala Malé, hata kama umelipia vila tangu mchana. Mteja anayetaka upweke na pia anataka kushuka mlangoni na masanduku manne magumu, hapo sina dawa.

Kuna mambo mawili yananisumbua, na sioni wenzangu wakiyaandika. La kwanza ni kamisheni. Hoteli kubwa hutulipa asilimia kwa kila mgeni, na nyumba ndogo ya vyumba sita juu ya kilima mara nyingi hailipi kitu. Nimejikuta nikiisifu hoteli kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyostahili, nikagundua baadaye. Sasa natoza ada ya upangaji moja kwa moja na kumwonyesha mteja kamisheni ninayopata, lakini sitadai kwamba mzani wangu umenyooka kabisa. Muulize wakala wako analipwa na nani.

La pili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi niliwaambia watu waende Mei au mwishoni mwa Septemba, pembezoni mwa msimu, na ilikuwa kweli. Wakala wote tuliwaambia hivyo. Sasa miezi hiyo imejaa, na sisi tumechangia. Ninapomtuma mtu kwenye ghuba ambayo haijaandikwa popote, namtuma na simu yake pia, na picha moja inatosha. Ndiyo maana siku hizi napendelea mahali penye kikomo cha kisheria kuliko mahali penye siri. Kisiwa cha Lord Howe cha Australia hakipokei wageni zaidi ya 400 kwa wakati mmoja. Naweza kukitaja hapa leo, msome nyote, na mwaka ujao bado watakuwa 400. Ghuba yangu ya siri siwezi kuitaja.

Mteja wa Santorini nimemwomba mambo matatu kabla sijagusa hoteli yoyote: kama tarehe zinaweza kusogea hadi wiki ya mwisho ya Oktoba, kama yuko tayari kulala Pyrgos, kijiji cha ndani kilicho juu ya kilima, badala ya Oia, na kama anaamka mapema. Amejibu moja tu hadi sasa. Anaamka saa 11 alfajiri kila siku. Nimeshaanza kumwandikia ratiba ya Oia, kuanzia mapambazuko hadi kabla basi la kwanza halijapanda kutoka bandarini.