Je, wajua kwa nini "s" huchoma masikio kwenye rekodi ya sauti?

Mtu amejirekodi chumbani, sauti imetulia, maneno yamepangika. Akivaa hedifoni kusikiliza, kila "s" inamrukia sikioni kama tone la maji lililoangukia mafuta ya moto. Ana kwa ana hakuna aliyewahi kumlalamikia "s" zake. Kero hiyo imetoka wapi?

Imeanzia mdomoni. S, z na sh ni vikwamizo: hewa hukwamishwa, kisha ikajipenyeza. Ukitamka "s", ncha ya ulimi husogelea ufizi, pumzi hubanwa kwenye kijia chembamba katikati ya ulimi, halafu hutoka kwa kasi na kugonga makali ya meno ya mbele. Unachosikia ni mvurugiko wa hewa, na nguvu yake iko kwenye masafa ya juu sana: kwa kawaida kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 na 9,000, wanaume wakiwa upande wa chini, wanawake na watoto upande wa juu. "Sh" hukaa chini kidogo, ikianza kupata nguvu kwenye hezi 2,500 hivi. Irabu "a" nguvu yake kubwa haifiki hata hezi 2,000. Simu za mezani za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo "s" ilikatwa karibu yote. Ndiyo sababu ukitaja jina ulilazimika kueleza kwamba ni "s" ya Sara, si "f" ya Fatuma.

Maikrofoni hailikati eneo hilo. Maiki nyingi za bei nafuu za aina ya kondensa huliongeza, kwa kuwa zimetengenezwa zipandishe masafa ya juu ili sauti isikike angavu. Angavu hiyo hupendeza kwenye irabu, lakini "s" hugeuka wembe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza, na iliyo bora kuliko zote, ni mahali unapoiweka maiki. Mdomo hutupa masafa ya juu mbele yake kama mwanga wa tochi, wakati yale ya chini huzunguka hadi nyuma ya kichwa. Ukikaa uso kwa uso na maiki kwa sentimita 5, umeisimamisha katikati ya mwanga huo. Isogeze hadi sentimita 15 au 20, karibu shibiri moja, kisha iweke pembeni kidogo, nyuzi 30 hivi kutoka kwenye mstari wa mdomo, ikiangalia pembe ya midomo. Wewe endelea kuongea mbele, pumzi ipite kando yake. Ukirekodi kwa simu, kuigeuza tu hakusaidii sana, maana kimaiki chake ni kidogo mno na husikia karibu pande zote. Kinachosaidia ni kuitoa kabisa kwenye mstari wa mdomo. Kile kitambaa cha duara kinachowekwa mbele ya maiki ni cha kuzuia mripuko wa "p" na "b". "S" hupenya humo bila shida. Penseli iliyofungwa wima kwa raba bendi katikati ya maiki hugawanya mkondo wa hewa na huweza kupunguza makali kiasi, na haigharimu kitu.

Jipime kwa sentensi moja: "Shilingi sitini na sita zimesalia sandukuni." Ina vikwamizo sita kwa pumzi moja. Isome ukiwa umeiweka maiki mbele, kushoto, kulia, na juu kidogo usawa wa pua, kisha sikiliza ni wapi "sitini" imelainika bila neno zima kufifia. Kama inatoka na mluzi mwembamba, huenda ni mwanya, au mdomo umekauka, kunywa maji. Kutabasamu pia huvuta midomo na kuzidisha ukali, jambo linalowasumbua sana wanaosoma matangazo.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi hutokea baadaye, kwenye kompresa, zana inayoshusha sauti kubwa ili zikaribiane na ndogo. Watu huiweka ili sauti ijae, kisha hushangaa "s" zimeamka. Hesabu yake ni hii. Chukulia irabu iko desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -12 na "s" iko -20, yaani chini zaidi. Umeweka kizingiti, kiwango ambacho sauti ikikivuka hushushwa, -18, na uwiano 4 kwa 1, yaani kila desibeli 4 zilizozidi hubaki 1. Irabu imevuka kizingiti kwa desibeli 6, hivyo inashushwa hadi -16.5. "S" haikufika kizingiti, haiguswi. Sasa unapandisha rekodi nzima kwa desibeli 4.5 ili kufidia: irabu inarudi -12 ilipokuwa, lakini "s" imepanda hadi -15.5. Tofauti iliyokuwa desibeli 8 imebaki 3.5. Ukiongeza na ikwalaiza, zana ya kupandisha au kushusha masafa fulani, ili kung'arisha sauti, umemaliza kuiharibu.

Usiishushe kwa kukata masafa ya juu ya rekodi nzima. "K" na "t" zitafifia, pumzi itapotea, msomaji atasikika kama amefunikwa blanketi. "S" ishughulikiwe pale ilipo.

Kwa rekodi fupi, mkono hushinda mashine yoyote. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, fungua mwonekano wa spektrogramu, picha inayoonyesha masafa ya sauti kutoka chini hadi juu: "s" huonekana kama wingu zito lililoelea juu, lisilo na mistari ya irabu chini yake. Lichague, mara nyingi lina urefu wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ulishushe desibeli 4 hadi 6. Fanya hivyo kabla ya kompresa. Katika mfano wetu, "s" iliyoshushwa desibeli 5 itaishia -20.5, karibu pale pale ilipoanzia.

Kwa rekodi ya saa nzima tumia diesa, kompresa inayosikiliza eneo la "s" peke yake. Itafute sehemu inayouma kwanza: pandisha ukanda mwembamba wa ikwalaiza kwa desibeli 10, uutembeze polepole kutoka hezi 4,000 hadi 10,000 kwa sauti ya chini, usimame pale panapokera zaidi, kisha uuondoe. Namba hiyo ndiyo unayoipa diesa. Shusha kizingiti mpaka mshale ucheze kwenye "s" tu na utulie kwenye irabu, punguzo likiwa desibeli 3 hadi 6 kwenye "s" kali kabisa. Kama ina chaguo la kushusha ukanda huo peke yake badala ya sauti yote, lichague. Asiye na diesa kwenye programu ya kurekodi ya Reaper atumie ReaXcomp, kompresa ya kanda nyingi, na aache kanda moja tu ikifanya kazi. Diesa iweke mwisho, baada ya kompresa na ikwalaiza.

Ukizidisha, msomaji anapata kithembe: "thatha thithi thote". Hapo rudisha desibeli mbili. Masikio nayo huchoka baada ya nusu saa na kuacha kuona kosa, kwa hiyo pumzika, kisha sikiliza tena kwenye spika ya simu.

Wakati wa kuhifadhi, usibane MP3 kupita kiasi. "S" ni kelele isiyo na mpangilio, na kilobiti 32 kwa sekunde hazitoshi kuichora. Hutoka kama majani makavu yanayoburuzwa. Sauti ya mtu mmoja, chaneli moja, ipe kilobiti 96.