Mashua ya futi 20 au ya futi 30? Yanayosemwa ufukweni na ukweli wake

Anayetafuta mashua iliyokwishatumika mara nyingi hubaki na mbili za kuchagua: ndogo ya futi 20 iliyo nzima, na kubwa ya futi 30 ambayo bei yake haijazidi sana. Iwe Nungwi, Kilwa, Mafia au Lamu, washauri hawakosekani, na karibu wote watamsukuma kwenye ile kubwa. Mimi naomba asitoe pesa kwanza, maana mengi yanayosemwa juu ya ukubwa wa chombo yana kasoro.

“Bei zikikaribiana, chukua kubwa”

Futi 30 ni mara moja na nusu ya futi 20, na wengi huishia hapo katika hesabu. Kama umbo ni lile lile, eneo la mbao za kupiga kalafati (kuziba nafasi zake kwa pamba) na kupaka shahamu (mafuta mazito ya kulinda mbao) huwa mara 2 na robo. Tanga nalo ni hivyo hivyo. Ujazo wa chombo, na uzito wake pamoja, huzidi mara 3 na ushei. Ina maana pamba, mafuta, misumari na siku za fundi havipandi kwa nusu, vinapanda kwa zaidi ya mara mbili, na gharama hiyo inarudi kila msimu wakati bei ya kununulia umeilipa mara moja tu.

Halafu jiulize kwa nini kubwa inauzwa kwa bei ya ndogo. Mara nyingi mwenyewe ameshahesabu mataruma (mbavu za chombo) yanayotaka kubadilishwa.

Kuna na suala la maji kujaa na kupwa. Kwenye sehemu kubwa ya pwani yetu, bamvua (maji makubwa) hupanda na kushuka karibu mita 4. Mashua ndogo vijana wachache wataisogeza mchangani, ukaiunguza chini kwa moto wa makuti kuua viumbe wanaotoboa mbao na kuipaka shahamu karibu siku yoyote unayotaka. Kubwa inangoja bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ndipo ipande juu ya kutosha. Kazi isipokwisha kabla ya maji mafu (yanayopanda kidogo tu), inakaa hapo mpaka bamvua linalofuata, na siku zote hizo hakuna kipato.

“Kubwa ndiyo inayokimbia”

Ni kweli, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Chombo kinachokata maji kwa tumbo lake kina ukomo wa mwendo. Chukua urefu unaogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata maili za baharini kwa saa. Futi 20 zinakupa kama 6; futi 30 zinakupa 7.3. Safari ya maili 24 katika upepo mzuri ni saa 4 kwa ndogo, na saa 3 na robo hivi kwa kubwa. Kwenye upepo mwanana wa malelezi (majira ya kati ya kusi na kaskazi), ndogo nyepesi yenye tanga zuri huenda kubwa isiiache nyuma kabisa.

“Kubwa ni salama zaidi”

Hapa nawapa washauri haki yao kwa sehemu. Kusi, upepo wa kusini, likivuma kwelikweli, mashua kubwa iliyopakia vizuri hutulia kuliko ndogo, na anayebeba boriti, chumvi au saruji hana sababu ya kununua futi 20. Lakini angalia hayo maneno “iliyopakia vizuri”. Mashua kubwa tupu bila farumi (uzito wa kuituliza) hulewalewa, na mifuko ya mchanga lazima ipakiwe na kushushwa na mikono ya watu. Kwenye ndogo, baharia akihamia goshini (upande unakotoka upepo) tayari uzito umehama.

Na mikono yenyewe ni ipi? Ukipigwa na upepo wa ghafla, usalama wako ni kulegeza demani (kamba ya kuvutia tanga) na kushusha tanga upesi. Foromali (boriti inayobeba tanga) ya mashua ya futi 30 pamoja na tanga lililolowa si kazi ya watu wawili, sembuse kuigeuza upande wa pili wa mlingoti wakati wa kubisha (kwenda mbisho dhidi ya upepo). Mwenye mabaharia wawili tu yuko salama zaidi kwenye chombo kidogo anachokimudu.

“Rangi mpya, haivuji, basi ni nzima”

Hili ndilo linaloumiza watu zaidi. Rangi inaficha. Chukua kisu chenye ncha, ingia ndani, ondoa mbao za kukanyagia, uchome pale mataruma yanapokutana na mkuku (uti wa chini wa chombo). Mbao nzima inakataa ncha, iliyooza inaipokea. Gonga na nyundo ubao kwa ubao, usikilize unapobadilika mlio. Palipo na weusi na kutu kuzunguka msumari, jua kutu inakula chuma na kuidhoofisha mbao iliyokishika.

Viumbe wanaotoboa mbao baharini ni wabaya kuliko hayo. Tundu lao la nje ni dogo kama kichwa cha pini, lakini ndani njia zao huwa pana kama kidole. Chombo kinacholala majini mwaka mzima bila kupandishwa kiko hatarini zaidi.

Kinyume chake, mashua inayovuja siku ya kwanza baada ya kukaa juani muda mrefu si lazima iwe mbovu. Mbao zilikauka zikaachana. Zikinywa maji hufunga tena. Iache majini siku mbili tatu, kisha uone unafua maji ndoo ngapi. Na usidanganyike kwamba kukaa juu ya mchanga kumeitunza: mvua ikituama ndani, maji yale matamu huozesha mbao kuliko maji ya chumvi.

“Tumeandikiana mbele ya mashahidi, inatosha”

Haitoshi. Mamlaka za serikali ndizo zinazosimamia usalama wa vyombo: Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar ni ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar), na Kenya ni KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya). Kabla ya kulipa, nenda ukaulize chombo kimeandikwa kwa jina la nani, na cheti cha ukaguzi ni cha lini. Cha uvuvi kina leseni yake pia. Kama muuzaji anasema mwenyewe hasa ni kaka yake aliyeko Maskati, ongea na huyo kaka kwanza.