Je, wajua kwa nini waipa za gari kuukuu huganda katikati ya kioo?

Ukizima waipa za gari zima, hazisimami papo hapo. Hupangusa mara ya mwisho, zikashuka hadi ukingoni mwa kioo, ndipo zikatulia. Swichi imeshazimwa, lakini zimejirudisha zenyewe. Kwenye gari kuukuu mambo huwa tofauti: ukizima tu, zinaganda palepale zilipofika, mara nyingi mbele ya macho ya dereva. Wenye magari wengi husema mota imekufa, wakaenda kutafuta nyingine. Mota inayopangusa vizuri swichi ikiwa imewashwa haijafa. Kilichoharibika ni kipande kidogo kinachozirudisha waipa nyumbani, na mara nyingi kinatengenezeka.

Zamani kipande hicho hakikuwapo. Kifaa cha kupangusa kioo cha Mary Anderson wa Alabama, Marekani, kilichopewa hataza mwaka 1903, kiliendeshwa kwa wenzo alioshika dereva ndani ya gari. Mota ya umeme ilipochukua kazi hiyo, ilibidi ifundishwe mahali pa kusimama.

Mota ya waipa kwa kawaida huzunguka upande mmoja tu. Kwenye shafti yake pamefungwa mkono mfupi unaozunguka kama pedeli ya baiskeli, nao unasukuma na kuvuta fito za chuma zilizolala chini ya kava la plastiki, mbele ya kioo. Fito hizo ndizo zinazotikisa shafti mbili za waipa kwenda na kurudi. Ndani ya mota kuna gia kubwa, mara nyingi ya plastiki ngumu, inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Hapo ndipo penye siri yenyewe: kwenye gia hiyo kuna sahani nyembamba ya shaba yenye pengo sehemu moja, na vidole vya chuma vinavyoisugua inapozunguka.

Ukizima swichi, njia ya kawaida ya umeme inakatika, lakini mota inaendelea kulishwa kupitia vidole na ile sahani. Waipa zikifika chini, vidole vinakutana na pengo na umeme unakatika kabisa. Papo hapo waya wa mota unaunganishwa na ethi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye betri. Mota inayozunguka bila kulishwa huzalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo ukipelekwa ethi unageuka breki. Ndiyo maana waipa nzima husimama kwa mkato, haziserereki.

Kwa hiyo waipa zikiganda njiani, njia ya pili haipitishi umeme. Chomoa waya hasi wa betri, toa mota, fungua kifuniko cha upande wa gia. Kwenye gari la miaka mingi utakuta grisi imekuwa nyeusi na ngumu, na shaba imepigwa weusi pale vidole vinaposugua. Pangusa uchafu wote, safisha shaba kwa msasa laini mpaka ing'ae, kisha kunja vidole kidogo sana ili vikandamize vizuri. Paka grisi mpya kwenye meno ya gia, usiijaze juu ya shaba. Ikiwa sahani imeungua hadi kuliwa, hapo tafuta mota nyingine. Ugonjwa wa kinyume, waipa kupitiliza na kuendelea hata baada ya kuzimwa, unatoka mahali hapohapo: umeme haukatiki kwenye pengo, au ile breki ya ethi haifanyi kazi. Kagua swichi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) pia.

Magonjwa mengine yasikilize kwa masikio. Washa swichi. Ukisikia mota inanguruma na waipa zimelala tu, umeme upo; kilichoachana ni chuma. Ama fito imechomoka kwenye bushi yake ya plastiki iliyolika, ama nati ya mkono wa waipa imelegea na meno ya shafti yanateleza. Waipa moja ikifanya kazi na nyingine imelala, anza na nati.

Ukisikia kimya, anza na fyuzi. Fyuzi ikiungua tena na tena, kuna waya umechunika na kugusa bodi, au fito zimekaza hadi mota inazidiwa. Usiweke fyuzi kubwa zaidi kwa hali yoyote. Utakuwa umehamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya, na hizo ziko nyuma ya dashibodi. Fyuzi ikiwa nzima, pima umeme kwenye plagi ya mota, swichi ikiwa imewashwa. Ukiupata na mota imenyamaza, kagua ethi yake kabla ya kuilaumu: kutu chini ya bolti moja inatosha kuizima.

Mwendo mdogo ukifa na mkubwa ukabaki, fikiria kaboni, vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Mota nyingi za mwendo wa aina mbili zina kaboni tatu: moja ya pamoja, moja ya mwendo mdogo, na ya tatu iliyokaa pembeni kwa ajili ya mwendo mkubwa. Ya mwendo mdogo hutumika zaidi, basi nayo huwahi kulika.

Waipa zinazojikokota ndizo zinazowapotosha watu zaidi. Kwenye pwani yetu, masika yakishaisha, waipa hukaa miezi bila kazi hadi vuli. Vumbi na chumvi ya bahari huingia kwenye shafti zake, grisi hukauka, na mvua ya kwanza inakuta chuma kimeshikana. Chomoa fito kutoka kwenye mota, kisha iwashe ikiwa peke yake, vidole vyako vikiwa mbali. Ikizunguka kwa kasi, haina kosa. Jaribu kuzungusha kila shafti kwa mkono, iliyokaza utaijua. Itoe, isugue kutu, ipake grisi mpya. Kupulizia mafuta mepesi kwa juu huisaidia kwa siku chache, kisha inakaza tena.

Wakati wa kurudisha, usifunge mikono ya waipa kwanza. Unganisha mota, iwashe, izime, iache isimame mahali pake. Ndipo uifunge mikono ikiwa imelala pale inapotakiwa kulala. Ukikosea hapo, waipa zitagonga fremu ya kioo. Na ukiinua mikono ili kubadili mipira, tandika kitambaa kinene juu ya kioo, kwa sababu mkono usio na mpira ukifyatuka unaweza kukipasua.

Mpira mpya ukiruka-ruka badala ya kuteleza, utazame ukiwa umesimama kwenye kioo: unatakiwa usimame wima, ulalie upande mmoja ukienda na upande wa pili ukirudi. Ukilalia upande mmoja muda wote, mkono umepinda. Unyooshe kidogo kidogo kwa koleo mbili, moja ishike, nyingine izungushe, huku ukijaribu kwenye kioo kilicholowa maji.