Mita kulia "pii" si ushahidi wa ethi

Nimeulizwa tena kuhusu bawaba ya antena ya meli, safari hii na kijana aliyesoma umeme vizuri tu: "Sasa hiyo bawaba ina shida gani, mzee? Mita inalia pii." Basi naandika hapa, ili atakayefuata nimtumie kiungo niendelee na chai yangu.

Antena ya fimbo ya redio ya HF (masafa ya juu) kwenye meli ya kivita hulazwa helikopta inapotaka kutua au mzinga unapohitaji nafasi ya kulenga. Kwa hiyo kitako chake kina bawaba, haidroliki na komeo. Kuhusu nguvu sina maneno mengi: piga hesabu ya upepo na mrama, ongeza akiba, chomelea. Mafundi wa Dar hilo wanaliweza.

Kazi iko kwenye ethi, yaani kuunganisha kitako na chuma cha meli. Mita ya fundi, ile inayolia "pii" ikikuta njia ya umeme, inapima kwa betri. Redio inarusha megahezi 8. Waya wa kawaida wa mita moja una induktansi (tabia ya waya kupinga umeme unaobadilika haraka) ya takriban mikrohenri 1. Kwa umeme wa betri pingamizi lake ni sifuri, kwa megahezi 8 ni omu 50 hivi. Hamsini! Mita imelia na ethi hakuna. Ndiyo maana nadai mkanda wa shaba mpana na mfupi, uvuke bawaba mpaka kwenye sitaha. Na msiniambie beringi inapitisha. Beringi imejaa grisi. Meli ikiyumba, chuma kinagusa, kinaachia, risiva ya jirani inakoroma. Kutu ikiingia hapo, kiungo kinafanya kazi ya dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu: redio mbili zikirusha pamoja, yanazaliwa masafa ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mkanda upi, sasa? Hapo ndipo sijaridhika hadi leo. Bapa moja nene hupasuka kwa kukunjwakunjwa. Wa kusuka unakunjika vizuri, ila nyuzi zake hufyonza maji ya chumvi. Ukiukata unakuta unga wa kijani ndani, na nje bado unang'aa. Mimi hupanga bapa nyembamba kadhaa zilizopakwa bati, zipinde kwa tao kubwa, na mteja namwambia mapema kuwa ni vitu vya kubadilishwa. Huwa hapendi.

Halafu swichi ya usalama: fimbo ikilala, redio isirushe kabisa. Fimbo ya mita 10 kwenye megahezi 4, ambako robo ya wimbi ni karibu mita 19, inaweza kuwa na volti elfu kadhaa kitakoni, na baharia yuko pembeni. Swichi iguswe na fimbo yenyewe, isitegemee kitufe cha kuinua na kulaza fimbo, maana haidroliki ikikwama katikati kitufe kitaendelea kusema imesimama.