Huyo si mtoto wa nge

Juzi nimetumiwa tena picha ile ile: kadudu kenye magando, kamepondwa sakafuni, na ujumbe chini yake, "Mtoto wa nge huyu, nimemuwahi." Safari hii imetoka Newala. Kabla yake ilitoka Nachingwea, na mwenzetu wa huko alimwaga mafuta ya taa chumba kizima. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nge hatagi, huzaa. Vitoto vikishatoka hupanda mgongoni kwa mama na kukaa huko mpaka vijivue gamba mara ya kwanza, na hata siku hiyo ya kwanza, vingali vyeupe na laini, mkia vinao. Hakuna umri wowote ambao nge hukosa mkia. Kwa hiyo ukiona magando mbele, miguu minane, halafu tumbo la duara linaloishia hapo hapo, umemwona nge bandia. Mkia wake haukukatika, wala hautaota kesho. Ni ukoo mwingine kabisa ndani ya kundi la buibui, kupe na nge, wenye spishi zaidi ya 3,500 duniani, na wengi wao wakishakomaa hawafiki milimita 5.

"Lakini nimesoma kwamba ana sumu." Anayo, spishi nyingi zinayo. Imo kwenye vidole vya magando, na kazi yake ni kulemaza utitiri na vijidudu vingine vya kimo chake. Ngozi ya mtu haiwezi. Mimi huwaachia watembee kiganjani ili niwatazame vizuri kwa lenzi. Wale wanaoingia majumbani hula chawa wa vitabu na vitu vya namna hiyo, kwa hiyo anayewaua anajipunguzia wasaidizi.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili la "huku kwetu hawapo". Wapo. Watu huja Lindi kwa ajili ya komba wa Rondo, yule mdogo wa msitu wa Rondo, wanatembea usiku kucha na tochi zimeelekezwa juu, na majani makavu wanayoyakanyaga yamejaa nge bandia. Wengine huja na tochi ya urujuanimno (UV) kwa sababu wamesikia nge hung'aa chini yake. Nge kweli hung'aa. Nge bandia usimtafute kwa njia hiyo.

Chukua chekeche la matundu ya kama milimita 5 na shuka jeupe. Usikombe majani ya juu yaliyokauka. Ingiza mkono chini, pale yanapoanza kuoza na kushikana na udongo, hasa kwenye kona za mizizi ya miti mikubwa. Chekecha juu ya shuka, kisha kaa. Ndiyo, kaa chini, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachekecha, wanatazama kidogo, wanakung'uta shuka na kutangaza kwamba hakuna kitu. Nge bandia akishtuka hukunja magando na miguu na kutulia tuli, na hapo hana tofauti na punje ya udongo. Majongoo yatatembea, siafu watatembea, buibui wadogo watakimbia, yeye bado. Usipulize, usikoroge, usihamishe shuka kivulini. Subiri mpaka punje moja ianze kwenda taratibu, magando yametangulizwa mbele kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kweli anapapasa, kwa vinyweleo virefu vilivyo kwenye magando. Macho anaweza kuwa nayo manne, mawili, au asiwe nayo kabisa. Mguse mbele kwa ncha ya brashi. Akirudi kinyumenyume kwa kasi, ndiye.

Msimu mzuri kwetu ni wa mvua, Desemba hadi Aprili. Kiangazi majani hukauka mpaka chini, basi hamia kwenye magogo yaliyooza na chini ya magome yaliyobanduka. Chini ya mikorosho usipoteze muda: mashamba husafishwa kabla ya kuokota korosho, na makazi yao hufagiliwa humo humo. Tafuta kwenye mwembe mzee ulio mpakani. Kwenye miamba ya Masasi, chunguza nyufa na vipande vya mawe vilivyolegea.

Utawakuta pia wamening'inia kwenye mguu wa nzi. Watu husema ananyonya damu. Hanyonyi, ameshika kwa gando tu, na maelezo ya kawaida ni kwamba anasafiri, kwa kuwa hana mabawa na gogo linalofuata liko mbali. Vitabu husema hivyo kwa uhakika mkubwa. Mimi nasitasita kidogo, kwa sababu mwindaji anayekamata kila kinachopita anaweza pia kukamata mguu wa mnyama aliyemzidi nguvu akajikuta angani. Sidhani kila safari ilikusudiwa.

Jina la spishi kwa picha ya simu sitoi. Inabidi darubini, tena ya kuhesabu vinyweleo vya vidoleni, na mtoto hupita hatua tatu kabla ya kukomaa huku idadi hiyo ikiongezeka, kwa hiyo mdogo wa spishi moja anaweza kukupeleka kwenye jina jingine kabisa. Hata familia, mara nyingi naiandika daftarini kwa kalamu ya risasi.

Ukiinua gome ukakuta kijumba cheupe cha hariri, usikipasue: ndani mna anayejivua gamba au mama. Hariri hiyo huitoa kwenye taya. Mama mwenye kifuko cheupe tumboni anabeba mayai na kuwalisha watoto humo, kwa hiyo mrudishe ulipomtoa, na gome lilaze upande ule ule. Rondo na Litipo ni misitu ya hifadhi. Kibali cha kukusanya kinaombwa kabla ya safari, hata kwa mnyama wa milimita 3.