Mtoto Hurithi Nini kwa Baba na Mama? Maelezo ya DNA na Jeni

DNA ikitajwa, wengi hukumbuka kesi za watoto: huyu ni wa nani, na nani atoe matunzo. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini kimewafanya watu waione DNA kama kitu cha maabara na mahakama tu. Maswali mengi ambayo familia hutuletea sisi tunaofanya kazi ya vinasaba hayahitaji kipimo cha aina hiyo hata kidogo. Mbona tumezaa mabinti watupu? Imekuwaje mtoto awe na kundi la damu ambalo sisi wawili hatuna? Ugonjwa huu umetoka ukoo gani, wa baba au wa mama? Haya yanajibika kwa maelezo, na maelezo hayo yangefika nyumbani mapema, lawama nyingi zisingekuwepo.

Mwili umejengwa kwa seli, na karibu kila aina ya seli ina kiini. Humo ndani mna DNA, molekuli nyembamba ya nyuzi mbili zilizosokotana. Ukiichukua DNA yote ya seli moja ukainyoosha, urefu wake unakaribia mita 2, ilhali upana wa kiini haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Inaenea kwa sababu imezungushwa kwenye protini, ikakunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa mafungu yanayoitwa kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Idadi hiyo ilichelewa kujulikana. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilifundisha kwamba ni 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya na kuchapisha jibu sahihi mwaka 1956.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi wanaozungumzia "damu ya ukoo". Seli nyekundu, zile zinazoipa damu rangi yake, zikishakomaa hazina kiini, hivyo hazina kromosomu hata moja. Sampuli ya damu inapopimwa DNA, kinachosomwa ni seli nyeupe. Pamba iliyosuguliwa ndani ya shavu inatosha kwa kazi hiyohiyo.

DNA yenyewe iligunduliwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1869, mjini Tübingen, Friedrich Miescher aliitoa kwenye usaha wa bandeji zilizotumika hospitalini, akaona ni kitu tofauti na protini. Ilichukua miaka 75 mpaka Oswald Avery na wenzake walipoonyesha, mwaka 1944, kwa kutumia bakteria, kwamba hiyo ndiyo inayobeba urithi. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha na vipimo vya eksirei vya Rosalind Franklin, ambavyo walivipata bila yeye kujua. Franklin alifariki mwaka 1958; Tuzo ya Nobel ikatolewa 1962 kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Anayefundisha habari hii bila kumtaja Franklin anafundisha nusu.

Umbo lile lilikuwa na maana kubwa. Nyuzi mbili za DNA zimeshikana kwa kemikali za aina nne: adenini, thaimini, guanini na sitosini, ambazo huandikwa kwa herufi A, T, G na C. Siku zote A hukutana na T, na G hukutana na C. Kwa hiyo ukiwa na uzi mmoja tayari unajua uzi wa pili ukoje. Seli inapotaka kugawanyika, nyuzi huachana, kila mmoja hujengewa mwenzake, na seli mbili hupata nakala kamili. Seti tunayopewa na mzazi mmoja ina herufi takriban bilioni 3.1.

Jeni ni kipande cha DNA hiyo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Tunazo jeni za protini zipatazo 20,000, na maelekezo yake hayafiki asilimia 2 ya DNA yote. Kwingineko mna, pamoja na mengine, sehemu zinazoamua jeni ipi iwashwe, wapi na lini. Ndiyo maana seli ya jicho na seli ya ini zinafanana DNA lakini hazifanani kazi. Seli hunakili jeni inayotakiwa kwenye molekuli iitwayo RNA, kisha nakala husomwa herufi tatu tatu. Kila herufi tatu hutaja asidi amino moja, na asidi amino zikiungana kwa mpangilio ule hupatikana protini.

Uzito wa herufi moja unaonekana wazi kwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni inayoelekeza sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mahali pamoja, panapotakiwa kusomeka GAG, panasomeka GTG. Asidi amino moja inabadilika, basi. Lakini hemoglobini hiyo, oksijeni ikipungua, hugandana kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu iliyokuwa laini na ya duara hupinda umbo la mundu. Seli hizo hufa mapema na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu makali, upungufu wa damu na madhara ya viungo ambayo wagonjwa wanayajua vizuri kuliko daktari yeyote.

Sasa tuje kwenye urithi wenyewe. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika ndani ya mtoto na kupotea humo. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alionyesha vinginevyo kwa kupanda njegere. Alipozalisha mimea ya mbegu za mviringo na ile ya mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilikuwa na mbegu za mviringo tu. Alipoacha kizazi hicho kijizalishe, mikunjo ikarudi: mbegu 5,474 za mviringo, 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Mikunjo haikuwa imepotea, ilikuwa imefunikwa. Alichapisha kazi yake mwaka 1866 na karibu hakuna aliyeijali mpaka mwaka 1900, wakati yeye alikuwa ameshafariki.

Kilichojificha kwenye njegere zile ndicho kinachojificha kwa watu. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, ya mama na ya baba. Mwenye nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida, anayeandikwa AS, kwa kawaida haugui; anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Mwenye nakala mbili, SS, ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wa AS wakizaa, kila mmoja humpa mtoto nakala moja tu kati ya mbili alizonazo, bila kuchagua. Uwezekano wa mtoto kuwa SS ni asilimia 25, kuwa AS kama wazazi wake asilimia 50, na kutokuwa na nakala yenye hitilafu kabisa asilimia 25.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko nyingine zote. Wapo wazazi waliokwisha kumpata mtoto mmoja mgonjwa na wakaamini kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama, kwa kuwa "mmoja kati ya wanne" ameshazaliwa. Sarafu iliyoanguka kichwa haikumbuki kwamba imeanguka kichwa. Ukiirusha tena mambo yanaanza upya. Kila mimba ina asilimia 25 zake. Familia inaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo bila laana yoyote, na nyingine yenye jeni zilezile isipate hata mmoja.

Na ili mtoto awe SS, lazima nakala moja itoke kwa baba na moja kwa mama. Ualbino nao, kwa aina zake za kawaida, hurithiwa kwa njia hiyohiyo: wazazi wawili wenye ngozi nyeusi, kila mmoja akiwa na nakala moja iliyofichika ya jeni inayohusika na rangi. Kumfukuza mama kwa mtoto wa aina hiyo ni dhuluma, na kisayansi pia ni kichekesho, maana nusu ya sababu imebaki nyumbani na mwenye kufukuza.

Kwa nini jeni ya selimundu haikutoweka, ilhali inaua? Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kwamba watoto wenye nakala moja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na malaria nyingi, AS walinusurika zaidi, wakazaa, wakairithisha.

Makundi ya damu nayo yamevunja ndoa bila sababu. Mzazi wa kundi A anaweza kuwa amebeba O iliyofunikwa, na mwenzake wa kundi B vilevile. Mtoto akipokea O mbili, atakuwa wa kundi O, na hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Vivyo hivyo kwa Rh, ile alama ya chanya au hasi inayoandikwa baada ya kundi la damu: wazazi wawili wa Rh chanya wanaweza kuzaa mtoto wa Rh hasi. Kinyume chake, wazazi wawili wa kundi O kwa kawaida hawapati mtoto wa A au B, lakini kuna hali adimu zinazovuruga hata kanuni hiyo. Karatasi ya kundi la damu isitumike kumhukumu mtu.

Kuhusu jinsia nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Yai la mama hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Ikifika ya X mtoto ni wa kike, ikifika ya Y ni wa kiume, hasa kwa sababu ya jeni moja ya kwenye Y iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990. Mama hana Y ya kutoa. Baba naye hachagui ipi itangulie.

Kromosomu hizo mbili huleta namna nyingine ya kurithi. Mwanamume ana X moja tu, ya mama yake, kwa hiyo ikiwa na hitilafu hakuna ya pili ya kuifunika. Ndiyo sababu hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, huwapata zaidi wanaume. Baba mwenye hemofilia hawapi wavulana wake ugonjwa huo, maana amewapa Y. Mabinti zake wote ndio huibeba.

Wazazi huuliza pia mbona watoto wa tumbo moja hawafanani. Kwa kugawanya jozi 23 tu, mzazi mmoja anaweza kutengeneza mipangilio 8,388,608 tofauti, na hapo hatujahesabu kwamba kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande kabla ya kuachana. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya DNA wanayorithi. Juu ya hayo kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya, takriban herufi 60 hadi 70 ambazo wazazi hawakuwa nazo. Mengi hayana athari. Mengine yanayo: katika akondroplasia, aina ya ufupi wa viungo, watoto wapatao 8 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida. Si kila hitilafu ya jeni ina ukoo wa kusingiziwa.

Tahadhari moja. Mifano niliyotoa ni ya jeni moja moja, na ni rahisi kudhani kwamba kila sifa iko hivyo. Kimo, shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili huhusisha jeni nyingi sana pamoja na chakula, kazi, umri na mazingira. Anayekuuzia kipimo cha "jeni ya akili" au "jeni ya utajiri" anakuuzia karatasi.

Kwa wanaopanga kuzaa, kujua kama wewe ni AS hakuhitaji kusoma DNA. Kipimo cha damu kinachotenganisha aina za hemoglobini kinatosha, na kinafaa kufanywa na wote wawili, kwa kuwa jibu la mmoja peke yake halitoshi kukadiria hatari ya mtoto. Wakikutwa wote ni AS, wamwone mtaalamu wa ushauri wa vinasaba kabla ya kuanza kusikiliza ushauri wa jamaa.

Matibabu nayo yamesogea. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa ya kwanza kuidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipokusudiwa. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, huhaririwa ili zirudie kutengeneza hemoglobini ya kabla ya kuzaliwa, kisha hurudishwa mwilini. Ni tiba ghali na nzito, ikitanguliwa na dawa kali za kuondoa uboho wa zamani. Na kwa kuwa haigusi mayai wala mbegu za uzazi, aliyetibiwa bado atampa kila mtoto wake nakala moja ya selimundu, hivyo mwenzi wake naye anahitaji kupimwa.