Kutozaa kwa hiari si ugumba

Ukihamia chumba cha kupanga Mbagala, wapangaji wenzako hawakuulizi jina. Wanauliza, "Mama nani?" Asiye na mtoto huazima jina la mtoto wa dada yake, mambo yakaisha.

Kiswahili kina ugumba na utasa kwa asiyeweza kuzaa. Anayeweza akaamua kutozaa hana jina, ndiyo maana tunazunguka kwa maneno matatu: kutozaa kwa hiari. Maana yake ni mume na mke kukubaliana kuishi bila mtoto maisha yao yote. Wanaosubiri kwanza nyumba ya Kimara ifike kwenye lenta hawamo. Hao wanapanga uzazi tu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Mtoto hatajwi hapo. Kushindwa tendo la ndoa, au kulikataa kwa makusudi, kunaweza kubatilisha ndoa. Kutozaa hakumo.

Kanisa Katoliki ndilo kali. Utasa hauzuii ndoa (kanuni ya 1084 ya sheria za Kanisa), ila anayekula kiapo huku ameshaamua moyoni kuwakataa watoto, ndoa yake ni batili (kanuni ya 1101). Yaani asiyeweza anafungishwa, asiyetaka hafungishwi. Na swali la kupokea watoto huulizwa palepale mbele ya altare, kamati nzima ya harusi ikisikia.

Kwa Waislamu mjadala huanzia kwenye azli, kumwaga nje. Jabir, sahaba wa Mtume, amepokewa akisema walikuwa wakiifanya huku Qurani ikiteremka. Wanazuoni wengi huiruhusu kwa ridhaa ya mke, lakini kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura hukataza. Kuna na hesabu ya mirathi: mume asipoacha mtoto, mjane hupata robo badala ya moja ya nane. Robo ni kubwa zaidi, sawa, ila kilichobaki huenda kwa wazazi au ndugu wa mume, na mawifi wanalijua hilo vizuri.

Mtaani anayebanwa ni mke. Mama mkwe akija na chupa ya mizizi iliyochemshwa, mwanawe haonjeshwi hata kijiko. Ndiyo maana wengi walioamua hujibu, "Bado tunamwomba Mungu." Wakijibu hivyo huambiwa pole. Wakisema hawataki, kikao cha ukoo huitishwa Jumapili.